Karani Naye Ana Miguu

Kuna jibu moja ambalo husikiwa kila siku katika afisi za mijini, nalo ni hili: "Nafasi sina." Mtu akiulizwa kwa nini hafanyi mazoezi ya mwili, hujibu kwamba nafasi hana, na kwa hakika hasemi uongo. Huamka alfajiri, hupanda gari, huketi mezani tangu saa mbili ya asubuhi hata saa kumi na moja ya jioni, kisha hurudi kwake giza likianza kuingia, naye amechoka kama aliyelima shamba zima, ingawa mchana kutwa hakuinua kitu kizito kuliko faili. Habari ya karani mmoja wa Mombasa yaweza kuwafaa watu wa namna hiyo, na pia kuwafaa wakulima wadhanio kwamba jambo hili haliwahusu. Jina lake halina haja ya kutajwa, maana wenziwe walio katika hali kama yake ni wengi mno.

Karani huyo ni Mtaita, mzaliwa wa milimani, juu ya Wundanyi. Alipokuwa mtoto hakujua kitu kiitwacho mazoezi, wala hapakuwa na haja ya kukijua. Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, maji yalikuwa chini na kuni zilikuwa juu, na kila alikokwenda alikuwa ama anapanda ama anashuka. Alipomaliza masomo alipata kazi katika afisi moja mjini Mombasa, akapanga nyumba Likoni, akaoa, akajaliwa watoto watatu. Kila asubuhi alivuka kwa feri, akapanda matatu upande wa kisiwani, akashushwa karibu na mlango wa afisi. Miaka 18 ikapita hivyo. Suruali zilipomkaza alinunua nyingine, naye aliuhesabu unene ule kuwa ni dalili ya neema, kama wengi wauhesabuvyo.

Mwezi wa Aprili, mwaka 2022, alipata habari ya kufiwa na bibi yake, mzaa mama, akafunga safari na jamaa zake kwenda mazikoni. Mvua za masika zilikuwa zimeiharibu njia, hata gari lililochukua jeneza likakwama chini ya mlima. Ikawa hapana budi jeneza lichukuliwe mabegani mpaka nyumbani, mwendo wa karibu nusu saa kwa mtu asiye na mzigo. Wajukuu ndio waliostahili kutangulia kulibeba, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Akatia bega. Kabla hawajafika kona ya kwanza pumzi zilimpaa, moyo ukamdunda masikioni, na magoti yakaanza kutetemeka. Akajikaza hatua chache tena, kisha akateleza, jeneza likayumba, na wanawake waliofuata nyuma wakapiga ukelele.

Mjomba wake, mkulima mwenye umri wa karibu miaka 70, alisogea mbele, akaingiza bega lake mahali pale, akasema kwa sauti ya chini: "Kaa kando, mwanangu, upumzike." Mzee yule akalichukua jeneza mpaka juu bila kupokewa.

Hapana aliyemcheka karani, wala aliyelitaja jambo lile baada ya maziko. Lakini kunyamaza kwao kulimuuma kuliko maneno. Katika gharama za matanga yeye ndiye aliyetoa fedha nyingi kuliko wote, na watu walimshukuru kwa hizo; ila kazi moja aliyotakiwa kumfanyia bibi yake kwa mwili wake mwenyewe ilimshinda, ikafanywa na mzee.

Aliporudi Mombasa alikwenda kupimwa. Daktari alimwambia kwamba shinikizo lake la damu limezidi kiasi, akamshauri apunguze chumvi na auzoeze mwili kazi kidogo kidogo. Karani akatoka na nia kubwa, akalisahau lile neno "kidogo kidogo." Jioni ile ile alinunua viatu vya raba, akamwarifu mkewe kwamba tangu kesho atakuwa akikimbia saa nzima kila alfajiri kabla ya kwenda kazini.

Siku ya kwanza alikimbia mpaka mate yakamkauka kinywani, na watoto wa mtaani wakamfuata nyuma wakiuliza ni nani anayemfukuza. Siku ya pili miguu ilikataa kushuka kitandani. Siku ya tatu alijikokota. Siku ya nne mvua ilinyesha, naye akaishukuru mvua. Siku ya tano kulikuwa na hesabu za mwisho wa mwezi. Wiki ya pili ilipofika, viatu vile vilikuwa mvunguni, vumbi likivifunika. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na karani hakuwa tayari kuinama.

Mkewe alipomwuliza habari za viatu, alitoa jibu lile la siku zote: "Nafasi sina, Mama watoto." Mama yule alikuwa ndiyo kwanza anatua ndoo. Akasema: "Baba watoto, mimi tangu tuhamie hapa sijapata nafasi ya kuteka maji hata siku moja. Lakini hamjalala bila maji."

Karani hakuwa na la kujibu. Usiku ule alilitafakari neno lile, akaona lina maana kubwa. Maji yaliletwa nyumbani kwa sababu yalikuwa na saa yake na njia yake: mama akitoka kuwapeleka watoto shule, alipitia kisimani. Mazoezi yake yeye hayakuwa na saa wala njia. Aliyaweka kando ya siku, kama mgeni asiyetengewa kiti, na mgeni wa namna hiyo huaga upesi.

Katika siku hizo ndipo aliposoma habari za daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris. Daktari huyo na wenzake walichunguza maradhi ya moyo miongoni mwa wafanya kazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London, na mwaka 1953 wakaandika waliyoyaona katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet. Katika kila basi walikuwamo watu wawili wa kazi. Dereva aliketi karibu muda wote wa zamu yake. Kondakta alisimama, akatembea, akapanda kwenda ghorofa ya juu kutoza nauli, hata kwa siku moja akawa amepanda vidato vya ngazi vipatavyo 600. Watu hao wawili walisafiri katika basi moja, wakapita barabara moja na kuvuta hewa moja. Hata hivyo makondakta walipatwa na maradhi ya moyo mara chache kuliko madereva, na wale waliopatwa, aghalabu walipatwa wakiwa na umri mkubwa zaidi, na waliokufa kwayo walikuwa wachache zaidi. Katika Posta pia mambo yalikuwa vivyo hivyo: waliopeleka barua kwa miguu na kwa baisikeli walikuwa na nafuu kuliko makarani walioketi mezani.

Ni haki kueleza kwamba baadaye Morris na wenzake walitazama vipimo vya sare za watu wale, wakaona kwamba hata madereva vijana walikuwa wanene kiunoni kuliko makondakta wa umri wao. Kwa hiyo huenda tofauti yote haikutokana na ngazi peke yake. Morris hakukoma hapo. Kuanzia mwaka 1968 alichunguza watumishi wa serikali ya Uingereza wapatao 18,000, wanaume wenye umri wa miaka 40 hata 64, ambao wote kazi yao ilikuwa ya mezani. Miongoni mwa hao, wale waliofanya mazoezi ya nguvu katika saa zao za mapumziko walipatwa na maradhi ya moyo kiasi cha nusu tu ya wenzao. Daktari mwenyewe aliyafuata aliyoyafundisha mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Karani alipoyasoma hayo, aliyemkaa moyoni ni yule kondakta. Mtu yule hakununua viatu vya raba, wala hakuamka usiku ili akimbie. Ngazi zilikuwa ndani ya kazi yake, na alizipanda apende asipende. Karani akaanza kujiuliza ngazi zake yeye ziko wapi.

Akaziona katika njia ile ile aliyoipita kila siku. Toka kivukoni, upande wa kisiwani, mpaka afisini kwake ni mwendo wa dakika 35 kwa miguu. Kwanza ni kilima cha kutokea ferini, ambacho watu hukipanda wakisukumana na mikokoteni. Kisha ni Barabara ya Nyerere mpaka katikati ya mji. Shauri lake safari hii lilikuwa dogo. Siku tatu za juma angetoka ferini aende kwa miguu, na siku nyingine angepanda matatu kama zamani. Aliamka mapema kwa nusu saa tu. Joto la Mombasa si la kufanyiwa mzaha, kwa hiyo aliweka katika mkoba shati la pili na taulo ndogo. Akifika alinawa, akabadili shati, akaketi mezani kabla ya wenziwe kuingia. Nauli aliyoiokoa aliitia katika kopo.

Wenziwe walimwona kutoka madirisha ya matatu. Wengine walimwuliza kama amekatwa mshahara, na mmoja, kwa huruma ya kweli, alimtolea fedha ya nauli. Mjini mtu mwenye tai atembeaye kwa miguu hudhaniwa amefilisika. Karani aliwajibu kwa methali isemayo kwamba mwenda bure si mkaa bure, akaendelea na safari yake.

Wako pia waliomwambia kwamba mazoezi ni mambo ya watu wasio na kazi. Wenye kusema hivyo wamemsahau Kipchoge Keino, aliyeshinda mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Keino alikuwa mtumishi wa polisi. Katika miaka hiyo sheria za Olimpiki hazikumruhusu mwanamichezo kulipwa kwa kukimbia kwake, na kila aliyekwenda huko alitakiwa kuwa na njia nyingine ya kujipatia riziki. Karani hakutazamia nishani yoyote, lakini ilimtia nguvu kukumbuka kwamba wakimbiaji wale wa zamani nao walikuwa watu wa mshahara.

Baada ya miezi mitatu, siku tatu zikawa tano. Kwa hesabu hiyo alikuwa akitembea dakika 175 kwa juma. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri mtu mzima apate kila juma dakika 150 hata 300 za mazoezi ya kiasi, kama vile kutembea kwa haraka, au dakika 75 hata 150 za mazoezi ya nguvu. Tena afanye kazi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Hapo zamani iliambiwa kwamba mazoezi ya chini ya dakika 10 kwa mara moja hayahesabiwi, lakini mwongozo huo umeliondoa sharti hilo. Kwa mtu wa afisi hili ni jambo kubwa, kwa kuwa ngazi anayoipanda badala ya kungoja lifti nayo huingia katika hesabu, hata ikiwa ni ya dakika mbili.

Kwa upande wa misuli, karani alipata mwalimu asiyemlipa. Jumamosi na Jumapili jioni alizoea kwenda na watoto wake Mama Ngina, kupunga upepo wa bahari chini ya mibuyu, na kitinda mimba wake, mtoto wa miaka mitano, hakukubali kutembea kwa miguu yake akiona bega la baba li karibu. Zamani alikuwa akimkemea. Sasa alimpandisha begani, akatembea naye toka mwanzo wa njia hata mwisho, na kila mwezi mtoto alizidi uzito.

Si kwamba hakushindwa tena. Mwezi wa Juni mwaka 2023, wakati wa kufunga hesabu za mwaka, alikaa majuma mawili bila kutembea hata siku moja, akirudi nyumbani saa nne za usiku. Lakini hakuvirudisha viatu mvunguni. Jumatatu hesabu zilipokwisha alitoka ferini kwa miguu kama desturi, asijaribu kuzilipa siku alizozikosa. Alikwisha jifunza kwamba mtu akizigeuza siku zilizopita kuwa deni, deni hukua hata akalikimbia.

Msomaji aweza kuuliza ni nini kilichomshika katika njia hiyo, ikiwa mara ya kwanza hakudumu hata juma moja. Onyo la daktari lilimwogofya, na hofu yake ilidumu siku nne. Zile fedha za kopo zilimfurahisha, nazo mwishoni zilinunua madaftari ya watoto. Lakini asubuhi zile ambazo mwili ulikuwa mzito na matatu inaita abiria mbele ya macho yake, alichokikumbuka ni bega la mzee lililoingia mahali pa bega lake. Mtu hachoki upesi akiwa na mtu mwingine ambaye hapendi kumwangusha.

Mwezi wa Desemba mwaka 2023 karani alikwenda nyumbani kwa Krismasi. Mvua ya vuli ya mwaka ule ilikuwa kubwa kuliko kawaida, na njia ya mlimani ilikuwa imeharibika tena. Usiku wa pili mjomba wake alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Gari lilipatikana kwa simu, ila lingeweza kufika chini tu, pale pale lilipokwama lile la kwanza. Vijana wengi walikuwa wamekwenda mkesha kanisani, na wanaume waliopatikana kwa haraka walikuwa wanne. Wakafunga blanketi katika miti miwili, wakamlaza mzee, na karani akashika pembe ya mbele, ambayo katika kushuka ndiyo izidiwayo na uzito.

Walishuka polepole, mtu mmoja akitangulia na kurunzi. Tope lilikuwa likivuta viatu, na mgonjwa alikuwa akiugua kila walipotikisika. Kwenye ile kona ya kwanza karani alihisi jasho likimtiririka na bega likimwaka moto. Lakini pumzi zilikuwa zake, na magoti yalimtii. Hakuomba kupokewa. Walipofika chini walimtia mzee garini, akapelekwa hospitali usiku ule ule, akatibiwa, na baada ya siku tisa akarudi nyumbani.

Karani alipokwenda kumjulia hali kabla ya kurudi kazini, mjomba hakumshukuru kwa maneno mengi. Alimtazama, akatabasamu, akasema: "Safari hii hukuteleza." Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kusemwa na mtu yeyote juu ya siku ile ya maziko.

Karani hakuwa mwembamba kama alivyokuwa kijana, wala hakuacha kwenda kupimwa shinikizo lake, ingawa lilipungua. Kilichobadilika ni kwamba mwili wake ulirudi kuwa kitu ambacho jamaa zake waweza kukitegemea, na jambo hilo halinunuliwi kwa mshahara.

Mkulima ashikaye jembe kila siku, akapanda na kushuka katika matuta yake, hana haja ya kuambiwa akimbie. Mazoezi yake yamo katika riziki yake, kama zilivyokuwa ngazi za yule kondakta. Lakini wako wakulima ambao siku hizi wameajiri vibarua, wakanunua pikipiki, wakawa hata kwenda dukani hupanda, na shamba hulitazama wakiwa wameketi kivulini. Hao wamekuwa makarani wasio na kalamu, na maneno haya yawahusu vile vile.

Basi anayetaka kuanza na aanze kwa kiasi kidogo kuliko kile nia yake inachomtuma. Mwenye maradhi, au aliyekaa miaka mingi bila kujitikisa, na amwone daktari kwanza. Kisha kila mtu aitazame njia aipitayo kila siku, aone mahali ambapo miguu yaweza kufanya kazi ya gari bila kuchelewesha kazi ya mshahara. Na atakayesema kwamba nafasi hana, aulize nyumbani kwake maji ya leo yaliletwa na nani, na kwa nafasi gani.